Usiache Mbachao: Historia Fupi ya Kigeuzi cha Sauti na Hedifoni ya Waya

Utangulizi

Wahenga walituusia kwamba tusiache mbachao kwa msala upitao. Mbacha ni mkeka uliochakaa, lakini ni wako na unalala nyumbani kwako; msala ni mzuri wa kutazama, lakini unapita pamoja na mwenyewe. Methali hii twaifundisha kila mwaka, na kila mwaka wanafunzi hutuuliza mfano wake katika maisha ya leo. Katika makala haya tunakusudia kutoa mfano mmoja ulio karibu sana na kazi yetu ya kufundisha lugha.

Mfano wenyewe ni kipande cha waya kisichozidi urefu wa kidole. Upande mmoja kina kichwa cha kuingia katika tundu la simu au la kompyuta ndogo. Upande wa pili kina tundu la mviringo la kupokea pini ya vipokea sauti vya masikioni, yaani hedifoni. Madukani huitwa adapta, na wengi hukidhani kuwa ni kifaa kipya kilicholetwa na simu zisizo na tundu la hedifoni.

Hoja yetu ni kwamba kifaa hiki si kipya hata kidogo. Kazi kifanyayo ilikuwapo tangu sauti ilipoanza kuhifadhiwa kwa namba. Kilichobadilika ni mahali kinapokaa na mtu anayekilipia. Mwalimu akiijua historia hii, hatatupa hedifoni zilizo kabatini kwa sababu tu simu mpya haina tundu, wala hatanunua kila kinachouzwa kwa sababu tu kinaingia tunduni.

Pini ya opereta

Historia ya tundu la hedifoni inaanzia kwenye simu ya waya. Alexander Graham Bell alipewa hataza ya simu nchini Marekani tarehe 7 Machi 1876. Muda si mrefu ikadhihirika kwamba haiwezekani kuvuta waya kutoka kila nyumba hadi kila nyumba nyingine. Waya zote hazina budi kukutana mahali pamoja, na pawe na mtu wa kuziunganisha. Mwezi Januari 1878 kituo cha kwanza cha biashara cha namna hiyo kilifunguliwa katika mji wa New Haven, jimbo la Connecticut. Tarehe 1 Septemba mwaka huohuo Emma Nutt alianza kazi katika mji wa Boston, akawa mwanamke wa kwanza kuwa opereta wa simu.

Opereta alikaa mbele ya ubao wenye matundu mengi, kila tundu likiwa la mteja mmoja. Mkononi alishika waya wenye pini ya shaba. Charles Scribner, fundi wa kampuni ya Western Electric ya Chicago, ndiye aliyebuni swichi ya ubao huo iliyofanana na kisu cha kukunja, na jina la kisu hicho ndilo ambalo Waingereza wanaliitia tundu la namna hii hadi leo. Pini iliyotokana na kazi hiyo ina unene wa robo inchi, yaani milimita 6.35. Mpaka sasa hutumika katika magitaa ya umeme na katika studio za kurekodia. Ni vifaa vichache vya umeme vya karne ya 19 ambavyo fundi wa leo anaweza kuvichukua na kuvitumia vivyo hivyo.

Hapa yafaa tueleze jambo moja ambalo ndilo msingi wa yote yatakayofuata. Mtu anaposema, hewa hutetema. Mikrofoni hugeuza mtetemo huo wa hewa kuwa mtetemo wa umeme unaofanana nao: hewa ikipanda, umeme hupanda, hewa ikishuka, umeme hushuka. Kipokea sauti hufanya kinyume chake. Umeme hupita katika koili, koili husogea mbele ya sumaku, na utando mwembamba hutikisa hewa ya sikioni. Tangu mwanzo hadi mwisho sauti ni wimbi, na pini ya opereta ilikuwa daraja la mawimbi tu. Haikuhitaji akili yoyote.

Hedifoni yatoka jikoni hata mtaani

Hedifoni zenyewe zilikua polepole. Mwaka 1910 Nathaniel Baldwin, mtu wa jimbo la Utah, alilipelekea Jeshi la Maji la Marekani hedifoni alizozitengeneza kwa mikono yake jikoni kwake. Jeshi lilizijaribu, likaziona bora kuliko zilizokuwapo, likaagiza nyingine. Mwaka 1937 kampuni ya Eugen Beyer ya Berlin ilianza kutengeneza hedifoni za aina ya DT 48, za kwanza kutumia koili inayocheza kama ile ya spika, na mpango huo ndio ulio katika hedifoni nyingi za leo. Mwaka 1958 John Koss wa Milwaukee alitoa hedifoni za stirio kwa ajili ya kusikilizia muziki nyumbani.

Walimu wa lugha hawakuwa nyuma. Mwaka 1924 Chuo Kikuu cha Ohio State kilikuwa na chumba ambamo wanafunzi walivaa hedifoni na kusikiliza matamshi kutoka katika santuri. Baada ya Marekani kupitisha sheria ya elimu ya mwaka 1958, fedha nyingi za serikali zilitumika kujenga maabara za lugha katika shule. Mwalimu aliyefundisha kwa kaseti, ambayo kampuni ya Philips iliitoa mwaka 1963, ni mrithi wa jitihada hizo.

Vyombo vilipopungua ukubwa, pini nayo ilipungua. Redio za transista za miaka ya 1950 na 1960 hazikuwa na nafasi ya pini ya opereta, hivyo ikatumika ndogo yake yenye unene wa milimita 3.5. Pini hiyo ilipata umaarufu duniani kwa Walkman, kinanda kidogo cha kaseti ambacho Sony ilianza kukiuza nchini Japani tarehe 1 Julai 1979. Walkman ya kwanza ilikuwa na matundu mawili ya hedifoni ili watu wawili waweze kusikiliza kaseti moja kwa pamoja. Tangu hapo, hedifoni iliyonunuliwa Kampala iliingia katika redio iliyotengenezwa Tokyo na katika kompyuta iliyotoka Texas, na hapana aliyeuliza kama vinaelewana.

Sauti yageuzwa namba

Wakati pini ikizidi kuenea, jambo jingine lilikuwa likitendeka kimyakimya. Mwaka 1937 mhandisi Mwingereza, Alec Reeves, aliyekuwa akifanya kazi Paris, alifikiri njia ya kuondoa makelele katika simu za masafa marefu. Wimbi la umeme huchafuka njiani, na anayelikuza huukuza na uchafu wake. Reeves akauliza: kwa nini tupeleke wimbi? Na tulipime urefu wake mara nyingi kwa sekunde, kila kipimo tukiandike kwa namba, tupeleke namba hizo. Mpokeaji atalichora upya wimbi kutokana na namba alizopokea. Mwaka 1938 alipata hataza nchini Ufaransa.

Walimu twaweza kuifananisha njia hii na imla. Msomaji asomapo, mwandishi hapokei pumzi wala mate ya msomaji, hupokea herufi. Karatasi ikikunjamana njiani, herufi zikisomeka bado, maneno ni yaleyale. Hivyo ndivyo ilivyo namba: ama inasomeka, ama haisomeki.

Ni vipimo vingapi vinavyotosha? Kazi za Harry Nyquist mwaka 1928 na Claude Shannon mwaka 1949 zilionyesha kwamba sauti hupimwa kwa ukamilifu ikiwa idadi ya vipimo kwa sekunde inazidi mara mbili ya mtetemo wake wa kasi kuliko yote. Sikio la kijana husikia hadi mitetemo ipatayo 20,000 kwa sekunde. Basi vipimo vyahitaji kuzidi 40,000.

Kwanza mitambo ya kufanya hivyo ilikuwa mikubwa mno. Mwaka 1943, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Marekani na Uingereza zilifungua njia ya siri ya simu kati ya Washington na London iliyotumia sauti iliyogeuzwa namba. Kila mtambo wake, ulioitwa SIGSALY, ulikuwa na uzito wa tani zipatazo 50. Kifaa tunachokishika leo kwa vidole viwili ni mjukuu wa mtambo huo. Transista ilipovumbuliwa mwaka 1947 njia ikafunguka, na mwaka 1962 kampuni ya Bell ya Marekani ilianza kupitisha sauti 24 za simu kwa namba katika njia moja.

Kigeuzi chakaa ndani ya sanduku

Sikio la mwanadamu, hata hivyo, halisomi namba. Ukiipeleka orodha ya namba katika koili ya hedifoni, hutasikia neno. Lazima awepo mkalimani wa kuzirudisha namba kuwa wimbi, na mkalimani huyo ndiye tunayemwita kigeuzi.

Kazi yake ni rahisi kuielewa kwa mfano wa mizani ya sokoni. Muuzaji ana mawe ya mizani, kila jiwe likiwa nusu ya lile lililolitangulia. Kwa mawe machache anaweza kupima uzito wowote, akiweka hili na kuondoa lile. Kigeuzi nacho kina mawe yake, ila mawe hayo ni viwango vya umeme. Namba ikifika, kila tarakimu yake, ambayo ni 1 au 0, huamuru jiwe moja liwekwe au liondolewe. Jumla ya mawe yaliyowekwa ndiyo kimo cha wimbi kwa nukta hiyo. Kisha wimbi, ambalo sasa lina vipandio kama ngazi, hupitishwa katika kichujio cha kulilainisha, na mwishoni hukuzwa ili liwe na nguvu ya kusukuma koili. Viko vigeuzi vya leo vinavyofuata hesabu iliyo tofauti kidogo, lakini shabaha ni ileile.

Watu wa kawaida walianza kumiliki kigeuzi tarehe 1 Oktoba 1982, Sony ilipoanza kuuza nchini Japani chombo cha CDP-101. Chombo hicho kilisoma kwa mwali wa leza diski ndogo tunayoiita sidii, ambayo Philips na Sony walikuwa wamepatana juu ya vipimo vyake. Kila sekunde ya sidii ina vipimo 44,100 kwa kila sikio, na kila kipimo kimeandikwa kwa tarakimu 16, yaani kinaweza kuwa kimoja kati ya vimo 65,536. Vigeuzi vilikuwa ghali wakati huo hata CDP-101 ikawekewa kimoja tu, kikihudumia sikio la kulia na la kushoto kwa zamu. Philips nao, katika chombo chao cha kwanza, walitumia kigeuzi cha tarakimu 14 wakakisaidia kwa hesabu ya ziada.

Wapenzi wa muziki ndio waliokuwa wa kwanza kukitoa kigeuzi nje ya sanduku. Mwishoni mwa miaka ya 1980 palianza kuuzwa vigeuzi vya kujitegemea, vikiwa katika kasha lake, vilivyounganishwa na chombo cha sidii kwa waya wa namba. Kwa hiyo kigeuzi cha nje kilikuwapo zaidi ya miaka 25 kabla ya simu kupoteza tundu. Tofauti ni kwamba wakati huo alikinunua mtu aliyetaka anasa, si mtu aliyenyimwa tundu.

Kwa wengine wote kigeuzi kiliendelea kukaa ndani, kimelipiwa pamoja na chombo, wala hapana aliyejua kuwa kipo. Kilikuwa ndani ya kompyuta. Kilikuwa ndani ya iPod, iliyotangazwa mwezi Oktoba 2001. Kilikuwa ndani ya simu. Mwenye chombo aliliona tundu la milimita 3.5 tu, na wimbi lililotoka humo lilikuwa tayari limekwisha kutafsiriwa.

Tundu lazibwa

Dalili za kuzibwa kwa tundu zilionekana mapema. Simu nyingi za mkononi za mwanzoni mwa karne hii zilikuwa na matundu madogo zaidi au ya sura ya pekee, na mwenye hedifoni alihitaji kiungo. Hata iPhone ya kwanza ya mwaka 2007 ilikuwa na tundu lililozama ndani sana, kiasi kwamba pini nene za hedifoni nyingi hazikulifikia. Mwaka 2012 kampuni ya Oppo ya China ilitoa simu nyembamba isiyo na tundu la hedifoni kabisa.

Lakini siku inayokumbukwa ni tarehe 7 Septemba 2016, Apple ilipotangaza iPhone 7. Phil Schiller, aliyesema kwa niaba ya kampuni, alitoa sababu, kisha akaieleza hatua hiyo kuwa ni ya ujasiri. Sababu zilizotolewa zilihusu nafasi ndani ya simu na kuendelea kwa hedifoni zisizo na waya, na simu yenyewe ilisifiwa kwa kustahimili maji. Wapinzani walijibu kwamba mwaka huohuo Samsung iliuza simu ya Galaxy S7 iliyostahimili maji na tundu likiwamo. Wakaongeza kuwa siku hiyohiyo Apple ilitangaza hedifoni zake zisizo na waya.

Ndani ya sanduku la iPhone 7 palikuwa na kigeuzi kidogo cha kuingia katika tundu la Lightning. Aliyekipoteza alikinunua kwa dola 9. Mwaka 2018 Apple iliacha kukiweka sandukuni. Google iliondoa tundu katika simu ya Pixel 2 mwaka 2017, na Samsung ikafanya hivyo katika Note 10 mwaka 2019. Tusitie chumvi, lakini: simu nyingi za bei nafuu zinazouzwa katika nchi zetu zina tundu bado, hali kadhalika kompyuta nyingi.

Na tutazame umri wa viungo hivi. Pini ya opereta imetumika kwa zaidi ya miaka 140. Pini ya milimita 3.5 imetumika kwa zaidi ya miaka 60. Tundu la Lightning lilianza mwaka 2012. Mwezi Septemba 2023 iPhone 15 ilitoka ikiwa na tundu la USB-C, wakati ambapo Umoja wa Ulaya ulikuwa umekwisha kuamua kwamba kuanzia tarehe 28 Desemba 2024 simu mpya zote ziuzwazo huko ziwe na tundu hilo la kuchajia. Aliyenunua vigeuzi vya Lightning kwa ajili ya darasa zima mwaka 2016 aliona wenzake wakinunua simu zisizovipokea baada ya miaka 7. Hedifoni zake, zikitunzwa, hazikuzeeka.

Kigeuzi na kiunganishi

Sasa tufike penye matatizo ya leo. Vifaa vya USB-C vya kuunganishia hedifoni ni vya aina mbili, na kwa macho havitofautiani.

Aina ya kwanza ina chipu ndani yake. Hupokea namba kutoka simuni, huzitafsiri kuwa wimbi, hulikuza na kulipeleka katika hedifoni. Kinachoviwezesha kuelewana na simu na kompyuta za kila namna ni utaratibu wa pamoja wa sauti katika USB, ambao toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1998.

Aina ya pili haina chipu. Ni waya tu. Hutegemea kwamba simu yenyewe ina kigeuzi ndani na kwamba imekubali kutoa wimbi lililo tayari kupitia tundu la USB-C. Simu kadhaa hufanya hivyo. Nyingine nyingi hazifanyi. Kifaa hicho kikichomekwa katika simu isiyotoa wimbi, hukaa kimya, na mnunuzi hudhani kimeharibika.

Sisi walimu wa Kiswahili tunayo maneno ya kutofautisha aina hizi, nayo tumeyatumia ubaoni kwa miaka mingi. Tunasema kielezi kutokana na kueleza, kiwakilishi kutokana na kuwakilisha, kiunganishi kutokana na kuunganisha. Kwa kanuni ileile, kinachogeuza ni kigeuzi. Basi kifaa chenye chipu tukiite kigeuzi cha sauti, na kile kilicho waya mtupu tukiite kiunganishi cha sauti. Neno adapta halina kosa, lakini laficha tofauti ambayo mnunuzi anahitaji kuijua kuliko zote. Mtu akienda dukani na kuuliza, "Hiki ni kigeuzi au kiunganishi?" atakuwa ameuliza swali lenye maana, hata kama muuzaji atahitaji kuelezwa.

Iko njia ya kukijaribu kifaa kabla ya kulipa. Kichomekwe katika kompyuta yenye tundu la USB-C, kisha ifunguliwe orodha ya vyombo vya sauti. Kikiwa kigeuzi, kompyuta itaonyesha chombo kipya cha sauti. Kikiwa kiunganishi, kwa kawaida kompyuta haitaonyesha kitu.

Yapo mambo mengine mawili ya kuangalia. La kwanza ni mikrofoni. Pini yenye mapete mawili meusi ni ya kusikilizia tu. Yenye mapete matatu ina njia ya mikrofoni pia. Ipo mipangilio miwili ya njia hizo, na hedifoni ya mpangilio mmoja ikiingizwa katika tundu la mpangilio mwingine, sauti husikika nyembamba, kana kwamba msemaji yuko chumba cha pili. La pili ni chaji: kigeuzi huziba tundu la simu na hula umeme wake. Kabla ya kipindi kirefu simu ijazwe, au kitafutwe kigeuzi chenye tundu la pili la kuchajia.

Faida yake darasani

Msomaji aweza kuuliza: haya yote yamhusu nini mwalimu wa lugha? Yanamhusu sana, hasa sisi tunaofundisha Kiswahili katika nchi ambazo wanafunzi wengi hawaisikii lugha hii nyumbani. Mwanafunzi anayesema Kiganda au Kinyarwanda hana sauti ya 'th' katika lugha yake. Kwake 'thamani' na 'samani' ni neno moja mpaka sikio lake lifunzwe. Hali kadhalika 'dhana' na 'zana'. Na kwa sababu ya 'l' na 'r' kutotengana katika lugha yake, 'mahali' na 'mahari' humchanganya, na siku ya kupiga kura hujikuta anakwenda kupiga kula.

Sauti ya 's' inatofautiana na 'th' zaidi katika mitetemo ya kasi, inayozidi 4,000 kwa sekunde. Simu ya kawaida ya zamani hupitisha mitetemo ya kati ya 300 na 3,400 tu. Sauti yake iliyogeuzwa namba ina vipimo 8,000 kwa sekunde. Kwa hiyo mtu akitaja 'thamani' kwa simu hiyo, msikilizaji hukisia kutokana na maana ya sentensi. Mwanafunzi asiyejua maana hawezi kukisia. Somo la matamshi linahitaji njia pana ya sauti, na hedifoni ya waya yenye kigeuzi cha kawaida huipitisha njia hiyo bila taabu.

Hedifoni zisizo na waya nazo zina sifa zake, na hatukusudii kuzibeza. Lakini yafaa ieleweke kwamba hazikumwondoa mkalimani. Zimempeleka kukaa sikioni. Kila moja ina kigeuzi chake, betri yake na redio yake ndogo. Kwa somo la lugha zina kasoro mbili. Kwanza, sauti huchelewa, mara nyingi kwa sehemu ya kumi ya sekunde au zaidi, na mwanafunzi anayejisikiliza huku akisema huvurugwa. Pili, kwa utaratibu wa zamani wa Bluetooth ambao ungali ukitumika sana, mikrofoni ikifunguliwa njia ya sauti hupunguzwa hadi vipimo 8,000 au 16,000 kwa sekunde. Yaani saa ileile mwanafunzi aanzapo kusema, njia humfinyia.

Sasa tufanye hesabu ya shule. Darasa la wanafunzi 40 lenye hedifoni za waya, likihitaji kigeuzi cha dola 9 kwa kila mmoja, litatumia dola 360. Fedha hizo ziliwahi kuwa gharama ya mtengenezaji, maana kigeuzi kilikuja ndani ya chombo. Sasa zimekuwa za shule. Hapa ndipo pa kuwa waangalifu. Kabla ya kununua, shule ihesabu vyombo vyake vyenye tundu: kompyuta za zamani, redio, simu za bei nafuu. Pale penye tundu, kigeuzi kipo tayari na kimekwisha kulipiwa. Pasipo na tundu, wanafunzi wawili wawili waweza kutumia kigeuzi kimoja kwa waya wa kugawa, kama Walkman ya kwanza ilivyokusudia. Ikiwa kabatini mna hedifoni za zamani zenye pini ya milimita 6.35, kiungo cha kupunguza pini hutosha, maana hapo hakuna namba ya kutafsiri. Ila hedifoni za studio zenye ukinzani mkubwa, wa ohm 250 au 600, zaweza kusikika chini kwa kigeuzi kidogo, kwani zahitaji nguvu zaidi.

Hitimisho

Tumeona kwamba sauti huanza kama wimbi katika koo la msemaji na haina budi kuishia kama wimbi katika sikio la msikilizaji. Katikati yaweza kusafiri kwa namba, ikavuka bahari na miaka bila kuchafuka. Lakini mwishoni lazima mkalimani awepo. Kwanza alikuwa mtambo wa tani 50, kisha chipu moja ya ghali ndani ya chombo cha sidii, kisha chipu isiyoonekana ndani ya simu, na sasa yuko katika kichwa cha waya au ndani ya sikio.

Kipya kinyemi ingawa kidonda, na wala hatusemi kwamba kipya kisipokewe. Twasema kwamba kila kiungo kipya kikija, mwalimu aulize maswali matatu: mkalimani yuko wapi, nani aliyemlipia, na kesho atapatikana? Akijibiwa hayo, atajua kinachostahili kununuliwa na kinachostahili kutunzwa. Hedifoni ya waya ikiwa nzima, na mwanafunzi akasikia kwayo tofauti ya 'thamani' na 'samani', hiyo ni mbacha njema, asiiache.